Mtoto mwenye siko seli apimwe kichwa akiwa bado anacheza, asisubiriwe apooze

NesiZamu

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa maumivu ya siko seli kuna mzazi aliuliza kama ni kweli mtoto anaweza kupata kiharusi. Akajibiwa kwamba kiharusi ni cha wazee wenye presha, asijitie hofu bure, na mazungumzo yakarudi kwenye maumivu. Mimi ni nesi, kliniki yetu ni ya watoto wenye selimundu, yaani hiyo siko seli, na lile jibu limenikaa vibaya. Ndiyo maana nafungua uzi wake. Ni mrefu, wavivu wa kusoma mtanisamehe.

Mtoto mwenye siko seli anaweza kupata kiharusi, na anakipata mapema. Wamarekani waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000, na hesabu waliyoitoa mwaka 1998 ni hii: kwa wenye SS, yaani waliorithi jeni ya siko seli kwa baba na kwa mama, kama 11 katika kila 100 wanakuwa wameshapata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Hapo ni bila kinga yoyote. Kwa watoto, umri unaoongoza ni miaka 2 hadi 5, ukifuatiwa na 6 hadi 9. Yaani mtoto ambaye hata kalamu bado hajaishika sawasawa. Wenye SC, yaani jeni moja ya siko seli na nyingine ya himoglobini C, hatari yao iko chini sana. Wenye S pamoja na thalasemia ya beta (ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu), ile aina isiyotengeneza kabisa himoglobini ya kawaida, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, wajihesabu kundi moja na SS.

Kinatokeaje? Wengi tunajua chembe nyekundu zikijikunja zinaziba vimishipa vidogo, mtoto analia mifupa. Kwenye ubongo shida kubwa iko kwenye mishipa mikubwa, ile inayopanda shingoni na kugawanyika chini ya ubongo. Chembe ngumu zinaukwaruza ukuta wa ndani wa mshipa. Nyingine zinapasuka na kumwaga himoglobini kwenye damu, nayo inaimaliza naitriki oksaidi, gesi inayousaidia mshipa kulegea na kutanuka. Ukuta unanenepa kwa ndani, njia inabana. Kazi hiyo inakwenda taratibu, na muda wote huo mtoto haumwi kichwa wala hachechemei.

Ongeza na upungufu wa damu. Ubongo wa mtoto mdogo unakula oksijeni nyingi, na mtoto mwenye himoglobini ya gramu 6 au 7 kwa desilita inabidi mwili wake uusukumie ubongo damu nyingi zaidi ili kufidia. Kwa hiyo mishipa inaishi ikiwa imeshatanuka karibu na mwisho wake. Siku akipata homa kali, au ule ugonjwa wa kifua wa siko seli, au damu ikashuka ghafla, hakuna akiba tena. Si ajabu kiharusi kikamkuta mtoto akiwa kitandani anaumwa kitu kingine, na wazazi wakasema amelegea kwa sababu ya homa.

Sasa sikieni upande ambao hausemwi vya kutosha. Ukiliminya bomba la kumwagilia mdomoni, maji yanatoka kwa kasi. Mshipa uliobana nao uko hivyo hivyo, damu inapita mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari Robert Adams na wenzake huko Georgia, Marekani, walionyesha kwamba kasi hiyo inapimika kwa ultrasaundi ya kupitia fuvu, sisi tunaiita TCD, na kwamba inawabainisha watoto wanaoelekea kupata kiharusi kabla hawajakipata. Kasi ikiwa chini ya sentimita 170 kwa sekunde, ni ya kawaida. 170 hadi 199 ni ya kuangaliwa kwa karibu, kipimo kinarudiwa baada ya miezi michache. Ikifika 200 na kuendelea, na ikarudiwa ikathibitika, mtoto yuko hatarini: bila tiba, kama 10 katika kila 100 wa namna hiyo wanapata kiharusi kila mwaka.

Wakauliza la pili: tukishajua, tufanye nini? Wakawachukua watoto 130 wenye kasi ya kuanzia 200. Wapatao nusu wakaongezewa damu kila baada ya wiki chache, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Waliopewa damu, kiharusi kilimpata mtoto 1. Wasiopewa, 11. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake ili wote wapewe nafasi ya damu. Utafiti huo unaitwa STOP, ulichapishwa 1998, na ndio uliobadilisha kila kitu kwenye mada hii.

Kutokana na hapo, mwongozo ni kwamba kila mtoto mwenye SS apimwe TCD mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Apimwe akiwa mzima, anacheza, hana malalamiko. Hicho ndicho wazazi wengi hawakielewi: wanasubiri dalili, na dalili ya kwanza ya mshipa uliobana huwa ni kiharusi chenyewe.

Karibuni kwa maswali.

MzeeWaHoja

Nesi, asante kwa darasa, ila mimi ni mtu wa kuhoji. Mjukuu wangu anahudhuria kliniki tangu akiwa mchanga, anapewa foliki asidi na penisilini, tunarudi nyumbani. Hicho kipimo sijawahi kusikia hata siku moja. Isije ikawa ni biashara mpya ya vipimo. Mtoto mwenyewe hata maumivu hapati sana, ni mchangamfu kuliko wenzake.

NesiZamu

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako nimeipokea.

Uchangamfu na maumivu havisemi chochote kuhusu mishipa ya kichwa. Kuna mtoto analazwa kila mara kwa mifupa na TCD yake ni 130. Kuna mwingine hajawahi kulala wodini na anasoma 220. Daktari hawezi kukisia kwa kumtazama wala kwa kumpima damu peke yake, ingawa himoglobini iliyo chini sana, presha iliyo juu kuliko ilivyozoeleka kwa wenye siko seli, na kuugua kifua karibuni ni mambo yanayoongeza hatari.

Kuhusu biashara: hiki si kipimo cha mionzi, hakuna sindano, hakuna dawa ya usingizi. Kutokisikia kwako ni kwa sababu mashine na watu waliofundishwa kuitumia hawapo kila mahali. Lakini uliza. Mzazi akiuliza kwa jina, "mtoto wangu TCD yake lini?", mara nyingi ndipo rufaa inapoandikwa.

MamaKhalfani

Nesi dada yangu, Mungu akubariki kwa huu uzi. Niwaeleze wenzangu kinavyofanyika maana mimi niliogopa bure.

Mtoto analala chali kitandani, anapakwa ile jeli ya ultrasaundi juu kidogo ya mfupa wa shavu, mbele ya sikio. Mpimaji anaweka kifaa kama kalamu nene na kukizungusha kidogo kidogo akitafuta mahali mfupa ulipo mwembamba. Akipapata unasikia mlio, shwaa, shwaa, shwaa, unafuata mapigo ya moyo, na kwenye skrini mawimbi yanapanda na kushuka. Anapima mshipa mmoja kwa vituo, anaingia ndani taratibu, anaandika. Kisha upande wa pili. Wangu alikuwa anaangalia katuni kwenye simu. Kila akianza kusinzia mpimaji alikuwa ananiambia, mama mwamshe. Nikadhani ni ukali tu.

NesiZamu

Haukuwa ukali, Mama Khalfani. Mtoto akilala anapumua taratibu, hewa ya kaboni inajikusanya kwenye damu, mishipa ya ubongo inatanuka na kasi inapanda. Akilia kwa kwikwi inakuwa kinyume, anapumua mbio na kasi inashuka. Vyote viwili vinatoa namba ya uongo. Ndiyo maana hatumpi mtoto dawa ya usingizi kwa kipimo hiki, na akija na homa tunampangia siku nyingine. Akiwa ameongezewa damu karibuni, mwambieni mpimaji, maana damu mpya inashusha kasi kwa muda na mtu anaweza kudanganyika kwamba mshipa umepona.

Jambo dogo lakini la muhimu: zipo mashine za TCD ya kawaida na zipo ultrasaundi kubwa zenye picha ambazo nazo hupima. Hizi za picha husoma chini kidogo, kwa hiyo vituo vingi hutumia mpaka wa hatari wa 185 badala ya 200. Ukipewa namba, uliza imepimwa kwa mashine ipi.

BabaZawadi

Samahanini kuingilia. Binti yangu ana miaka 4, SS. Juzi jioni mkono wa kushoto ulilegea, kikombe kikamponyoka, akawa anaongea kama mwenye pipi mdomoni. Baada ya kama robo saa akarudi sawa kabisa. Leo anakimbia. Mama yake anasema tumwangalie kwanza. Mnashauri nini?

NesiZamu

Baba Zawadi, acha kusoma hapa, mpeleke hospitali sasa hivi. Usisubiri kesho asubuhi wala siku ya kliniki.

Hicho ulichokieleza ni kiharusi cha kupita. Damu ilikosekana sehemu ya ubongo kwa muda, ikarudi. Kwa mtoto mwenye siko seli hiyo ni moja ya ishara kubwa kwamba kiharusi kamili kinakuja. Kukimbia kwake leo kusikudanganye.

Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe "ana siko seli, SS, na amelegea upande mmoja juzi saa fulani". Usianze na historia ya homa, watakupanga foleni ya homa. Hali ikijirudia njiani mlaze ubavu, usimpe maji wala chakula mpaka waone kama anameza vizuri, na usimpe aspirini, hujui kama ni mshipa ulioziba au uliopasuka. Itazame saa, ile uliyomwona mzima mara ya mwisho. Wataiuliza.

BabaZawadi

Tunatoka sasa.

MzeeWaHoja

Mungu awatangulie. Nesi, huku tukisubiri, tueleze hospitali wanafanya nini. Mtu mzima akipata kiharusi nasikia anachomwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

DaktariMkimya

Nikusaidie hapo, Nesi, huwa sichangii sana.

Kwa mtoto mwenye siko seli, dawa hiyo ya kuyeyusha bonge la damu si tiba ya kawaida, na mwongozo wa mwaka 2020 wa Jumuiya ya Hematolojia (magonjwa ya damu) ya Marekani unasema isitumike kwa walio chini ya miaka 18. Tatizo lake mara nyingi si bonge lililotoka moyoni au shingoni kama kwa mzee. Ni mshipa uliobana, umejaa damu ya siko ambayo haibebi oksijeni ya kutosha. Tiba ni kuibadilisha damu hiyo.

Mwongozo huo unataka damu ianze kuingia ndani ya saa 2 tangu mtoto afike na dalili. Njia bora ni kubadilisha damu: yake inatolewa, ya mchangiaji inaingizwa, mpaka himoglobini ya S, ile ya siko seli, ishuke chini ya asilimia 30 na jumla ya himoglobini ikae karibu na 10. Mahali ambapo hilo haliwezekani kwa haraka na mtoto ana himoglobini ya 8.5 au chini yake, anaanza kwa kuongezewa damu ya kawaida wakati mipango mingine inaendelea.

Hapo kwenye 10 watu hujikwaa. Ukimwongezea mtoto damu tu, bila kumtoa ya kwake, ukaipandisha himoglobini hadi 12 huku S bado imejaa, damu inakuwa nzito, inapita kwa shida, na unaweza kumwongezea kiharusi. Damu ni dawa hapa, na ina dozi yake kama dawa nyingine.

Picha ya siti skani inafanywa kuangalia kama kuna kuvuja damu. MRI, picha ya sumaku, inaonyesha eneo lililokosa hewa mapema zaidi. Lakini damu haingoji MRI. Wakati huohuo sukari inapimwa, oksijeni inapewa kama iko chini, homa inashushwa, degedege linatibiwa, na maji ya dripu yanapewa kwa kiasi, si kwa kumfurikisha.

NesiZamu

Asante daktari. Niongeze kwa upande wa mikono, maana wengi wanadhani kubadilisha damu lazima kuwe na mashine. Mashine ipo, ni nzuri, inafanya kwa saa chache. Lakini kwa mikono pia tunafanya. Mirija miwili, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Nesi mmoja anavuta damu kwa bomba la sindano, mwenzake anasukuma ya mchangiaji upande wa pili, wa tatu ameshika karatasi: mililita zilizotoka, zilizoingia, presha, mapigo. Ukipoteza hesabu katikati, presha ya mtoto inaporomoka na hicho nacho ni hatari kwa ubongo ambao tayari una njaa. Ni kazi ya kuchosha mgongo. Wodi yenye watu watatu waliotulia inaweza kuifanya.

MamaKhalfani

Nataka kuuliza kuhusu baada ya hapo. Khalfani alipata kiharusi kabla hatujajua habari za TCD. Hospitali ya kwanza tuliyokimbilia walisema ni degedege la homa tukarudishwa nyumbani. Hayo yamepita. Sasa anaongezewa damu kila mwezi, anatembea, mkono wa kulia bado mgumu. Ndugu wananiuliza mpaka lini, mtoto si amepona? Na mimi kusema ukweli nimechoka kumwona akitafutwa mshipa.

DaktariMkimya

Pole sana mama. Jibu lake halipendezi, lakini bora ulijue.

Mtoto aliyekwisha kupata kiharusi kimoja, akiachwa bila tiba, theluthi mbili hivi hupata kingine, wengi wao ndani ya miaka miwili mitatu. Damu ya kila mwezi inaishusha hatari hiyo sana, ingawa haiiondoi. Kuhusu kusimamisha, walijaribu hata kwa watoto ambao walikuwa na TCD mbaya tu, hawajawahi kupata kiharusi, na baada ya damu ya muda mrefu kasi ikawa imerudi kawaida. Watoto 79: 41 wakasimamishiwa, 38 wakaendelea. Katika waliosimamishiwa, 14 kasi ilirudi kwenye hatari na 2 wakapata kiharusi. Walioendelea hakupatwa hata mmoja. Matokeo yalitolewa 2005, na utafiti huo nao ulikatizwa njiani. Kwa hiyo ndugu wakiuliza mpaka lini, waambie mpaka kuwe na tiba mbadala iliyopangwa na daktari, si mpaka achangamke.

Gharama ya damu kwa mwili ni madini ya chuma. Kila chupa ya damu inaingiza kama miligramu 200 za chuma, na mwili hauna mlango wa kukitoa. Kinajikusanya kwenye ini, baadaye moyo na tezi. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ipimwe mara kwa mara, na ikipanda aanzishiwe dawa ya kuondoa chuma, ya vidonge au ya sindano. Jambo la pili ni kingamwili dhidi ya damu za watu. Benki ya damu ilinganishe zaidi ya kundi na resasi ya kawaida, angalau zile alama za chembe nyekundu ziitwazo C, E na K. Mtoto akishatengeneza kingamwili nyingi, kumpatia damu inayomfaa inakuwa kazi ngumu.

MzeeWaHoja

Na haidroksiurea je? Nasikia ni dawa ya saratani, mama wa mjukuu wangu ameikataa kwa sababu hiyo.

DaktariMkimya

Ilianza kwenye saratani, ndiyo. Kwa siko seli inatolewa kwa dozi ya kupandisha himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ile ambayo haikubali kujikunja. Chembe zinadumu zaidi, upungufu wa damu unapungua, kasi kwenye mishipa inashuka. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Zikishuka dawa inasimamishwa kwa muda, zikipanda inarudishwa. Mtu asiijaribu kwa kununua tu bila kipimo.

Kwenye kiharusi, sehemu hii msiivuruge, maana hata madaktari huivuruga. Kuna hali tatu tofauti.

Mtoto ana TCD mbaya, hajawahi kiharusi, ameshaongezewa damu kwa mwaka au zaidi, na picha za mishipa hazionyeshi mbano mkali. Huyu anaweza kuhamishiwa taratibu kwenye haidroksiurea. Utafiti wa TWiTCH, watoto 121, 2016, ulionyesha kwamba haikuwa duni kuliko damu.

Mtoto ameshapata kiharusi. Hapa utafiti wa SWiTCH wa 2012 ulipima haidroksiurea pamoja na kutoa damu ili kupunguza chuma, dhidi ya damu pamoja na dawa ya kuondoa chuma. Kiharusi kilijirudia kwa watoto 7 kati ya 67 wa haidroksiurea, na kwa wa damu hakikujirudia kwa yeyote. Kwa hiyo kwa huyu damu ndiyo chaguo la kwanza. Mama Khalfani, wewe uko hapa.

Hali ya tatu ni pale ambapo damu salama ya kila mwezi haipatikani, na hilo ndilo tatizo la watoto wengi kuliko wote duniani. Huko haidroksiurea si ya daraja la pili, ndiyo tiba. Nigeria walifanya utafiti wa watoto 220 wenye TCD mbaya ambao hawakuwa na kiharusi, wakalinganisha miligramu 10 na 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Matokeo ya 2022: kiharusi kilikuwa kati ya 1 na 2 kwa kila watoto 100 kwa mwaka katika makundi yote mawili, ambapo bila tiba tungetegemea kama 10. Mwongozo unapendekeza angalau 20 kwa kilo. Mwambie mama wa mjukuu wako kwamba hofu yake inaeleweka, aende nayo kliniki, aiseme, ajibiwe.

TichaDarasaLaTatu

Mimi si mzazi wa mtoto wa siko seli, ni mwalimu. Nina mwanafunzi mwenye hali hiyo, mwaka jana alikuwa katikati ya darasa, mwaka huu anasahau maelekezo yakizidi mawili, anaanza kazi haimalizi. Hana kilema chochote. Nimekuwa nikimhesabu mzembe kama wengine. Inaweza kuhusiana?

NesiZamu

Mwalimu, umegusa penyewe. Kuna kiharusi kimya. Sehemu ndogo ya ubongo inakufa, mara nyingi kwenye nyuzi za ndani za upande wa mbele, bila mkono kulegea wala uso kupinda. Kinaonekana kwenye MRI tu. Na si adimu: kufikia miaka 18, karibu 4 kati ya 10 ya wenye SS wanacho. Kinachoguswa ni umakini, kupanga kazi, kasi ya kufikiri, kumbukumbu ya muda mfupi. Kwa nje anaonekana mvivu.

TCD haikioni kiharusi kimya, maana vingi vinatokea kwenye vimishipa vidogo ambavyo ultrasaundi haivipimi. Ndiyo maana mwongozo unashauri walau MRI moja akiwa umri wa shule ya msingi. Kwa waliokutwa nacho, utafiti wa watoto 196 uliotolewa 2014 ulionyesha kuongezewa damu kila mwezi kunapunguza kujirudia kutoka asilimia 14 hadi 6, kwa hiyo linakuwa jambo la familia kukaa na daktari na kupima faida na mzigo.

Darasani: maelekezo moja moja, muda zaidi kwenye mtihani, akae mbele, aruhusiwe maji na chooni. Na mwandikie mzazi barua, uandike kama ulivyoandika hapa, "alikuwa hivi, sasa yuko hivi". Barua ya namna hiyo kwenye faili inamsaidia daktari kuliko "amezorota".

TichaDarasaLaTatu

Naiandika leo.

KijanaSS

Mimi nina SS, nimevuka ishirini. Mnaongea watoto tu. Huku kwetu kiharusi kinachotutisha ni cha damu kuvuja. Kichwa kinapasuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyapata, unatapika, shingo inakaza, unapoteza fahamu. Rafiki yangu alikwenda hivyo. Alikuwa na mishipa iliyobana tangu utotoni, aliacha kliniki ya watoto akiwa kidato cha nne na hakuwahi kuanza ya wakubwa.

DaktariMkimya

Pole kwa msiba. Uko sahihi. Kiharusi cha kuziba kinaongoza utotoni, cha kuvuja kinashika kasi kwenye miaka ya 20. Njia mojawapo ni hii: mshipa mkubwa ukishaziba, mwili unaotesha vimishipa vingi vyembamba kuzunguka pale. Vinasaidia kwa muda lakini kuta zake ni dhaifu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo hufanyika upasuaji wa kuuletea ubongo damu kwa mshipa wa nje ya fuvu.

Na kwa wanaouliza kuhusu kupona kabisa: kupandikizwa uloto, ule wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu wa tumbo moja anayelingana ndiyo tiba yenye ushahidi mkubwa. Wafaransa mwaka 2019 walionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya upandikizaji kasi ya TCD ilishuka zaidi kuliko kwa walioendelea na damu. Kwa mtoto ambaye ameshapata kiharusi na ana ndugu anayelingana, hilo lizungumzwe mapema. Tiba za jeni ziliporuhusiwa Marekani Desemba 2023 zilikuwa za kuanzia miaka 12, kwa hiyo wale wa miaka 2 hadi 9 tunaowazungumzia hapa hazikuwahusu.

BabaZawadi

Wakuu, nimerudi. Tulilazwa usiku uleule. Niliposema neno la siko seli na mkono, walituingiza moja kwa moja. Siti skani haikuonyesha kuvuja. Himoglobini ilikuwa 6.1, akaanza kuongezewa damu usiku huo. MRI imeonyesha doa dogo upande wa kulia. Mkono uko sawa, anaandika kwenye ukuta wa wodi na manesi wanamfukuza. Wametuambia ni damu kila mwezi kuanzia sasa. Wamesema TCD tutafanya baadaye, sijui kwa nini si sasa. Nifanye nini nikitoka hapa?

NesiZamu

Alhamdulillahi, Baba Zawadi. TCD sasa hivi ingepima damu ya mchangiaji zaidi ya mishipa ya Zawadi, na tiba hata hivyo isingebadilika, kwa sababu MRI imeshaonyesha kiharusi. Baadaye itawasaidia kufuatilia mishipa, pamoja na picha ya mishipa yenyewe. Iulizie hiyo picha kabla hamjaruhusiwa.

Kabla hujatoka dai vitu hivi viandikwe kwenye karatasi ya ruhusa: asilimia ya S baada ya kuongezewa, tarehe ya damu inayofuata, kundi lake kamili pamoja na C, E na K, na feritini ya mwanzo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone hata kama mkono unaonekana mzima, kuna udhaifu wa vidole ambao mzazi hauoni mpaka mtoto afunge vifungo. Siku ya damu ikikaribia na benki ikasema hakuna, usirudi nyumbani kusubiri kupigiwa simu. Muulize daktari papo hapo kuhusu haidroksiurea ya kushikilia katikati.

Na kama Zawadi ana ndugu wa tumbo moja, hao nao wapimwe siko seli. Mwenye SS aanze TCD yake akitimiza miaka 2.

BabaZawadi

Ana mdogo wake wa mwaka na nusu. Hajapimwa.

NesiZamu

Mpime wiki hii, kabla ya kuuliza kingine chochote. Majibu yakitoka yaweke hapahapa kwenye uzi, tutaendelea.